Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu: Imani isiyotegemea Utamu wa Moyo

Wako wakatekumeni wanaoanza mafundisho kwa furaha kubwa. Siku za kwanza sala ni tamu, nyimbo za kanisa zawagusa moyo, na njia ya kwenda misioni yaonekana fupi. Halafu miezi yapita, na furaha ile yatoweka. Sala yawa kavu, maneno ya katekista yaonekana mazito, na mwenye kusali hasikii kitu moyoni. Ndipo mmoja ajiuliza kama Mungu amemwacha, na mwingine aona afadhali asirudi tena kwenye mafundisho.

Maisha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu ni jibu kwa watu hao. Picha yake, akiwa ameshika msalaba na maua ya waridi, yajulikana katika makanisa mengi, na kwa sababu ya maua hayo watu hudhani kwamba aliishi siku zote katika raha ya roho. Sivyo hata kidogo. Utamu wa sala aliuonja mara chache tu, na miezi 18 ya mwisho ya maisha yake aliipita katika giza zito. Hata hivyo hakuanguka, kwa kuwa alikuwa amejenga juu ya neno la Mungu, wala si juu ya moyo wake mwenyewe.

Utoto wenye machozi

Jina lake la nyumbani lilikuwa Thérèse Martin. Alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 katika mji wa Alençon, nchi ya Ufaransa. Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi wa saa. Mama yake, Zélie, alikuwa na kazi ya kutengeneza lesi, yaani kitambaa chembamba cha urembo. Walikuwa wakristu wenye bidii, waliohudhuria Misa kila siku alfajiri. Mungu aliwapa watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo, wakabaki wasichana watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na Teresia aliyekuwa kitinda mimba.

Tarehe 28 Agosti 1877 mama yao alifariki kwa ugonjwa wa kansa. Teresia alikuwa na umri wa miaka 4 tu. Tangu siku ile mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mwenye haya na mwepesi wa kulia. Baba aliwahamisha binti zake mpaka mji wa Lisieux, karibu na mjomba wao, na Teresia akamchagua dada yake Pauline awe mama yake wa pili. Lakini mwaka 1882 Pauline naye aliondoka, akaingia katika monasteri ya Karmeli pale pale Lisieux. Kwa Teresia ilikuwa kama kufiwa na mama mara ya pili.

Mwaka uliofuata aliugua sana. Alitetemeka, akaona mambo ya kutisha yasiyokuwapo, wala daktari hakujua la kufanya. Siku ya Pentekoste, tarehe 13 Mei 1883, dada zake walipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa karibu na kitanda chake. Mgonjwa naye aliigeukia sanamu ile, akaomba kwa moyo wote. Ghafula akaona uso wa Mama Maria ukimtabasamia kwa wema mkubwa. Saa ile ile akapona.

Neema iliyogeuka kuwa mateso

Mtu angedhani kwamba baada ya tabasamu ile Teresia alikaa katika amani. Kumbe mambo yalikwenda vingine. Yeye alitaka kuifanya neema hiyo kuwa siri yake. Lakini dada yake Marie aliitambua, habari ikafika Karmeli, na masista wakamwuliza maswali: Mama Maria alivaa nini, alimchukua Mtoto Yezu au la, alikuwa na nuru au hakuwa nayo. Mtoto hakuweza kujibu, ila kwamba Mama Maria alikuwa mzuri mno. Basi akaanza kuwa na mashaka. Akadhani labda hakuona kitu, labda amewadanganya watu. Kwa muda wa miaka minne kumbukumbu ya siku ile ilimwumiza badala ya kumfariji. Amani aliipata tena mwezi wa Novemba 1887, aliposali katika kanisa la Mama Yetu wa Ushindi huko Paris.

Neema ile ilikuwa ya kweli. Ila macho ya mtu huweza kutia shaka, na kumbukumbu huweza kufifia. Kitu kilichoonwa mara moja na kuguswa moyoni mara moja hakitoshi kuubeba uzito wa maisha yote. Teresia alilifahamu jambo hilo akiwa angali mtoto, naye hakulisahau.

Tarehe 8 Mei 1884 alipokea Komunyo ya kwanza. Siku hiyo alilia kwa furaha, kwa kuwa alijua ya kuwa Yezu mwenyewe amemjia. Alishukuru kwa utamu huo kama zawadi. Lakini mwaka uliofuata alishikwa na wasiwasi wa dhamiri, akaanza kuona dhambi katika kila wazo na kila tendo dogo. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi aliteseka. Mwishowe aliwaomba ndugu zake wanne waliokufa wadogo wamwombee kwa Mungu, na amani ikarudi.

Usiku wa Noeli

Bado alikuwa na udhaifu mmoja: alilia kwa jambo lolote, na alipoacha kulia, alilia tena kwa sababu alikuwa amelia. Usiku wa Noeli wa mwaka 1886, baada ya Misa ya usiku, familia ilirudi nyumbani. Ilikuwa desturi ya nchi ile kuwawekea watoto zawadi ndani ya viatu vyao karibu na meko. Baba yake alikuwa amechoka. Teresia alipokuwa akipanda ngazi alimsikia akisema kwamba afadhali huo ni mwaka wa mwisho wa mambo hayo ya kitoto. Neno hilo lilimchoma. Céline, aliyeyaona machozi yake, alimshauri asishuke kwanza. Lakini Teresia alifuta machozi, akashuka upesi, akazitoa zawadi zile mbele ya baba yake huku akicheka, hata baba naye akafurahi.

Jambo hilo ni dogo machoni pa watu. Lakini Teresia aliliita uongofu wake. Usiku ule uchungu haukuondoka moyoni mwake, ila haukuwa tena bwana wake. Alimsahau Teresia ili ampendeze mwingine, na hapo ndipo, kama alivyoeleza baadaye, upendo ulipoingia moyoni mwake.

Ukavu katika Karmeli

Sasa alitaka kuingia Karmeli kabla hajatimiza miaka 16. Wakubwa wa Kanisa walisita kwa ajili ya umri wake. Alikwenda Roma pamoja na baba yake, na tarehe 20 Novemba 1887 alipiga magoti mbele ya Baba Mtakatifu Leo XIII, akamwomba ruhusa mwenyewe, ingawa mahujaji walikuwa wamekatazwa kusema. Papa alimwambia awatii wakubwa wake, na kwamba ataingia Mungu akipenda. Walinzi wakamwondoa akilia. Hata hivyo alitii akangoja. Tarehe 9 Aprili 1888 mlango wa Karmeli ukafunguliwa. Alikuwa na umri wa miaka 15.

Masista wa Karmeli huishi ndani ya uzio wa monasteri katika sala, ukimya na kazi za mikono. Teresia aliingia akijua kwamba hakufuata ndoto, naye aliyoyakuta ndiyo aliyoyatazamia: msalaba. Sala yake ilikuwa kavu. Mara nyingi alisinzia wakati wa kutafakari, hata baada ya kupokea Komunyo. Hakukata tamaa. Alifikiri ya kuwa wazazi huwapenda watoto wao waliolala sawasawa na walio macho. Alikumbuka pia habari ya Yezu aliyelala chomboni wakati wa dhoruba ziwani. Mitume walimwamsha kwa hofu. Teresia aliona vema kumwacha apumzike katika chombo chake, kwa maana Bwana aliyelala ni Bwana yule yule.

Mwaka 1889 baba yake aliugua ugonjwa wa akili, akapelekwa katika hospitali ya mji wa Caen, akakaa huko miaka mitatu. Watu walisema maneno mengi, na binti zake walivunjika moyo kwa huzuni. Tena usiku wa kuamkia siku ya nadhiri zake, tarehe 8 Septemba 1890, Teresia alishikwa na mashaka makubwa. Aliona kwamba hakuitwa, na kwamba anawadanganya wote. Hakuyaficha mashaka hayo. Alimwendea mlezi wa wanovisi, kisha mama mkuu, akawaeleza yote. Nao walimtuliza, na asubuhi akaweka nadhiri kwa amani. Kwa hiyo alijifunza kwamba mtu aliye katika giza asijiongoze peke yake, bali amfungulie moyo yule aliyewekwa na Kanisa kumwongoza.

Neno la Mungu, chakula chake

Basi, kama moyo ulikuwa mkavu, Teresia aliishi kwa chakula gani? Aliishi kwa Maandiko Matakatifu. Vitabu vingine, hata vizuri, vilimwacha mkavu kama alivyokuwa. Lakini Injili ilimlisha daima. Aliagiza Injili nne zifungwe pamoja katika kitabu kidogo, akakibeba kifuani usiku na mchana.

Siku zile sista kijana hakuwa na Biblia nzima mikononi. Dada yake Céline alipoingia Karmeli mwezi wa Septemba 1894, alileta daftari ambalo ndani yake alikuwa amenakili sehemu za Agano la Kale. Teresia alilisoma kwa njaa. Humo alikuta neno la kitabu cha Methali linalomwalika aliye mdogo kabisa aje, na neno la nabii Isaya linaloonyesha jinsi Mungu anavyowabeba na kuwafariji watu wake kama mama anavyombeba mtoto. Maneno hayo yakawa msingi wa njia yake ndogo. Alikuwa amesikia habari za mashine zilizowekwa katika nyumba za matajiri ili kuwapandisha watu ghorofani bila kupanda ngazi. Alipoona kwamba yeye ni mdogo mno hawezi kupanda ngazi ya utakatifu, alitambua ya kuwa mikono ya Yezu itampandisha. Njia hiyo haikutoka katika ndoto wala katika joto la moyo. Ilitoka katika Maandiko.

Alihuzunika pia alipoona kwamba tafsiri za Biblia hazilingani. Aliwaambia wenzake kwamba kama angekuwa padre, angejifunza Kiebrania na Kigiriki ili alisome neno la Mungu kama lilivyoandikwa kwanza. Ndivyo alivyoliheshimu.

Na neno alilolisoma alilitenda. Alikuwako sista mmoja ambaye tabia zake zote zilimchukiza Teresia. Hakungoja mpaka chuki hiyo iishe. Yezu aliamuru kupenda. Basi Teresia alimwombea sista huyo kila walipokutana, akamtendea mema, na aliposhindwa la kusema alimpa tabasamu. Sista yule alidhani anapendwa kuliko wote, akamwuliza Teresia ni kitu gani kilichomvuta kwake. Moyo wa Teresia haukuvutwa na kitu. Lakini upendo wake ulikuwa wa kweli, kwa sababu upendo wa kikristu ni kutaka na kutenda mema, hata pale ambapo moyo wakataa.

Giza la Pasaka

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 Teresia alitapika damu. Kifua kikuu kilikuwa kimemshika. Alifurahi, kwa kuwa alidhani anaitwa upesi mbinguni. Lakini siku zile zile za Pasaka giza likaingia rohoni mwake. Zamani wazo la mbingu lilikuwa furaha yake. Sasa kila alipotaka kupumzika katika wazo hilo, aliona kama sauti inamcheka na kumwambia kwamba mbele yake hakuna kitu, ila usiku mzito kuliko huu. Hali hiyo haikudumu siku moja wala juma moja. Ilidumu mpaka kufa kwake.

Masista hawakujua. Walisoma mashairi aliyoyatunga kuhusu mbingu, wakafikiri anaelea katika nuru. Yeye aliandika kwamba hakuimba anayoyaona, bali anayotaka kuyasadiki. Katika mwaka mmoja alifanya matendo ya imani mengi kuliko maisha yake yote yaliyotangulia. Alijichoma akaandika Nasadiki kwa damu yake, akaibeba kifuani pamoja na Injili. Moyo uliponyamaza, aliigusa karatasi ile, na hiyo ikawa sala yake. Tena hakuyachukua mateso hayo kwa ajili yake peke yake. Alikubali kukaa kama mezani pamoja na watu wasiosadiki, akiomba kwamba nuru iwafikie nao.

Katika giza hilo hilo, mwezi wa Septemba 1896, alisoma waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorinto. Alikuwa akitamani kuwa mmisionari, mfiadini, mwalimu, yote kwa pamoja. Alisoma kwanza sura ya 12, inayofundisha kwamba viungo vya mwili ni vingi na kila kimoja kina kazi yake. Hakutulia. Akaendelea mpaka sura ya 13, inayofundisha kwamba bila upendo kila kipaji ni bure. Hapo akatambua wito wake: katika moyo wa Kanisa atakuwa upendo.

Aliyaandika hayo kwa ajili ya dada yake Marie, ambaye naye alikuwa sista wa Karmeli. Marie alipoyasoma alihuzunika, kwa sababu yeye hakuwa na tamaa kubwa kama hizo za kufia dini. Teresia akamjibu kwamba tamaa hizo si kitu. Mtu akizitegemea na kujifurahisha nazo, huweza hata kuwa mali mbaya inayomtenga na Mungu. Kinachompendeza Mungu ni mtu aupende udogo na umaskini wake, na atumaini rehema yake bila kuona. Jibu hilo lafaa kuwekwa moyoni na kila mkatekumeni anayemwona jirani yake akilia kanisani na kujiuliza kwa nini yeye halii.

Kufa na kushinda

Teresia alikuwa amekabidhiwa ndugu wawili wa kiroho wa kuwaombea: mmoja alikwenda China, wa pili, Maurice Bellière, alikuwa bado mseminari. Bellière alijiunga na Mapadri Weupe, shirika lile lile lililoleta Injili mashariki ya Kongo, na baadaye alitumwa Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi. Siku moja Teresia, akiwa mgonjwa, alijikokota bustanini kama alivyoagizwa. Sista mmoja alimhurumia, akamshauri apumzike. Yeye alieleza kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari fulani aliyechoka njiani katika nchi ya mbali.

Mwezi wa Julai 1897 alilazwa. Mapafu yaliharibika, pumzi ikawa fupi, na maumivu yakawa makali. Tarehe 19 Agosti alipokea Komunyo kwa mara ya mwisho. Baadaye ugonjwa ulimzuia kuipokea tena. Hivyo hata faraja hiyo ikamtoka. Hakuomba maono. Alisema kwamba hapa duniani hatamani kumwona Mungu wala watakatifu, bali aona afadhali kuishi kwa imani. Jioni ya tarehe 30 Septemba 1897, akiutazama msalaba alioushika, alimwambia Mungu kwamba ampenda, akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka 1898 kitabu cha maisha yake kilitolewa, na habari zake zikaenea duniani. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu tarehe 17 Mei 1925, na tarehe 14 Desemba 1927 alimweka kuwa msimamizi wa misioni zote pamoja na Mtakatifu Fransisko Saveri, ingawa hakutoka Karmeli tangu alipoingia. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Na mwaka 2015 wazazi wake, Louis na Zélie, walitangazwa watakatifu pamoja. Sikukuu yake ni tarehe 1 Oktoba.

Fundisho

Furaha katika sala ni zawadi ya Mungu. Aliyeipata ashukuru, kama Teresia siku ya Komunyo yake ya kwanza. Lakini zawadi si mwenye kuitoa. Mvua hunyesha na hukoma, wala mkulima haliachi shamba siku mvua isiponyesha. Neno la Mungu halikauki pamoja na moyo wa mtu. Yezu hakuahidi kwamba wafuasi wake watasikia utamu kila siku; aliahidi kukaa nao siku zote.

Mkatekumeni anayeona ukavu na asirudi nyuma. Asali Nasadiki polepole, neno kwa neno, hata kama moyo wake wanyamaza. Asikilize Injili ya Dominika na achague neno moja la kulitenda katika juma lile. Amtendee mema yule asiyempenda. Na mashaka yakimzidi, asiyafiche, bali amwendee katekista au padre, kama Teresia alivyomwendea mlezi wake usiku ule. Siku ya ubatizo padre atamwuliza kama asadiki. Hatamwuliza kama asikia furaha. Naye atakayejibu kwamba asadiki, ingawa moyo wake ni mkavu kama udongo wa kiangazi, atakuwa amejibu pamoja na Mtakatifu Teresia.